Meseji ya "kadi yako imesitishwa": yaliyonikuta, na jinsi ya kuripoti

Mkuu, umesema umepata meseji kwamba kadi yako ya mkopo imesitishwa, ukafungua linki, ukajaza namba ya kadi na tarehe ya kuisha muda, ukasita ulipofika kwenye zile tarakimu tatu za nyuma, ukafunga bila kubonyeza "Tuma". Unauliza kama uko salama, na kama kuripoti kunasaidia chochote. Najibu kwa kirefu kwa sababu mimi nilifika mbali kuliko wewe.

Kabla hujaendelea kusoma, igeuze kadi upige namba iliyochapishwa nyuma yake. Usipige iliyo kwenye meseji, na usiitafute kwenye intaneti pia, maana matapeli hulipia matangazo ili namba zao zitokee juu ya zile za kweli. Waambie wafungie kadi. Kutobonyeza "Tuma" hakukukingi: kurasa nyingi za aina hii husafirisha kila unachoandika papo hapo, hata ukikifuta baadaye. Ulichoandika, kihesabu kuwa kimeshafika. Na hizo tarakimu tatu ulizozuia, wapo wauzaji mtandaoni ambao hawazidai. Ungekuwa umefungua ukurasa tu, bila kuandika wala kupakua kitu, ningekwambia ufunge ukalale.

Sasa yangu. Kadi yangu ilikuwa inakaribia kuisha muda na benki ilishanitaarifu kwamba mpya iko njiani. Ndani ya wiki hiyohiyo ikaingia meseji: kadi yako mpya haijathibitishwa, thibitisha ndani ya saa 24 la sivyo itasitishwa. Nilidhani wanajua habari zangu. Hawakujua lolote. Meseji kama hiyo hurushwa kwa watu wengi kwa mpigo, na katika wengi hawakosekani wachache ambao kweli wanasubiri kadi. Kilichonimaliza kabisa ni kwamba ilikaa chini ya jina la benki yangu, kwenye mfululizo uleule wenye taarifa zangu halali za miamala. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba jina la mtumaji wa SMS ni maandishi tu, na kwenye mitandao mingi anayetuma anaweza kujaza jina alitakalo. Simu huzipanga meseji kwa kufuata jina hilo, haichunguzi zimetoka wapi.

Ukurasa ulikuwa na nembo, rangi na lugha safi. Nikaandika namba ya kadi, tarehe, tarakimu tatu. Kikatokea kiduara kinachozunguka na maneno "tafadhali subiri". Muda ule nilioamini kwamba mtambo wa benki unahakiki, upande wa pili kadi yangu ilikuwa inaingizwa kwenye pochi ya kidijitali (programu ya kulipia kwa simu badala ya kadi) ya simu ya mtu mwingine. Benki ikanitumia namba ya uthibitisho, tarakimu sita, kama inavyotakiwa. Nikaziona tarakimu, nikazinakili. Ukurasa ukajibu kwamba si sahihi, nijaribu tena. Ikaja namba ya pili, na safari hii jicho likaangukia maneno yaliyotangulia tarakimu: hii ni namba ya kuongeza kadi yako kwenye kifaa kipya, usimpe mtu yeyote. Mimi sikuwa naongeza kifaa chochote.

Hapo ndipo nataka usimame nami kidogo. Meseji ya uthibitisho karibu kila mara husema inathibitisha nini: malipo ya kiasi fulani kwa muuzaji fulani, au kusajili kifaa, au kubadilisha neno la siri. Sisi tumejizoesha kuruka sentensi na kunyakua tarakimu, na simu zinatusaidia kuruka kwa kutujazia zenyewe. Soma sentensi kwanza. Ikisema jambo ambalo hulifanyi, umeshapata jibu, hata kama ukurasa ulio mbele yako ni mzuri kiasi gani. Kati ya dalili zote ninazozijua, hii ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu ni ujumbe wa benki yenyewe na tapeli hana uwezo wa kuuhariri.

Wachangiaji kadhaa wamekushauri uangalie makosa ya tahajia. Nawaheshimu, ila ushauri huo umepitwa na wakati. Siku hizi mtu asiyejua lugha yako anaweza kupata programu ya kumwandikia sentensi zisizo na doa, na meseji iliyoninasa haikuwa na kosa hata moja. Alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti nayo isikutulize. Maana yake ni kwamba mawasiliano kati yako na tovuti hiyo yamefichwa wengine wasiyasome. Haisemi chochote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti, na cheti cha kuipata hutolewa bure. Google waliiondoa alama hiyo kwenye Chrome mwaka 2023, na moja ya sababu walizotoa ni kwamba watu waliichukulia kama dhamana ya usalama.

Ukitaka kuisoma anwani yenyewe, isome kutoka kulia. Utafute mkwaju (alama hii: /) wa kwanza unaokuja baada ya ile miwili ya mwanzo (https://), kisha rudi nyuma. Kwenye anwani kama benkiyako.com.jinalingine.net/ingia, mwenye nyumba ni jinalingine.net, hilo "benkiyako.com" la mbele ni pambo ambalo yeyote anaweza kulibandika. Kwenye simu anwani hukatwa kwa ufupi wa kioo, na mara nyingi unachoonyeshwa ni hilo pambo. Zipo pia herufi za Kisirili (alfabeti ya Kirusi) zinazofanana na zetu kabisa; mwaka 2017 mtafiti mmoja alionyesha anwani iliyosomeka apple.com kwenye baadhi ya vivinjari ilhali haikuwa yake Apple. Kwa hiyo mimi siku hizi sijipi kazi ya kuhukumu linki. Meseji ikinitisha, naiacha palepale, nafungua programu ya benki niliyoipakua mwenyewe. Kama kadi ina tatizo kweli, huko litaonekana.

Kuna sehemu ya pili ya mkasa ambayo sioni watu wakiizungumza. Nilipopiga simu, mhudumu wa kwanza alifuta kadi na kuniagizia nyingine, akanihakikishia kwamba yamekwisha. Siku chache baada ya kupokea kadi mpya nikakuta malipo nisiyoyafanya, kwenye kadi ambayo namba yake sikuwa nimempa mtu. Kumbe kadi inapowekwa kwenye pochi ya kidijitali, simu hupewa namba mbadala inayowakilisha akaunti yako, na kadi ikitolewa upya namba hiyo inaweza kuhamishiwa kwenye kadi mpya bila kumuuliza mtu. Kwa mteja wa kawaida ni urahisi, kwangu ulikuwa mlango ulioachwa wazi. Lilinikera sana, maana mhudumu alikuwa na uwezo wa kuona orodha ya vifaa na hakuitazama. Wewe uliza waziwazi: "Kadi yangu imesajiliwa kwenye vifaa vingapi? Futa vyote nisivyovitambua." Usikate simu mpaka ujibiwe.

Halafu jiandae kupigiwa. Mimi nilipigiwa na mtu mpole aliyejitambulisha kuwa wa kitengo cha ulaghai cha benki, akataka kunirudishia pesa. Ili nimwamini alinisomea tarakimu sita za kwanza za kadi yangu. Tarakimu hizo ni utambulisho wa benki iliyotoa kadi, na zinafanana kwa wateja wengi wa kadi ya aina hiyo. Kuzijua si ushahidi wa chochote. Nne za mwisho nazo huchapishwa kwenye risiti. Aliponiomba nimsomee namba ya uthibitisho "ili kufuta muamala", nikamwambia nitapiga mwenyewe, nikakata. Mtu wa benki wa kweli hatachukia ukifanya hivyo.

Kuhusu kuripoti. Inasaidia, na inasaidia zaidi ukiwahi, kwa kuwa kurasa hizi huishi muda mfupi, nyingine saa chache tu, na madhara mengi hutokea kabla hazijazimwa. Kabla ya kufuta chochote piga picha ya skrini yenye meseji, jina au namba ya mtumaji, na saa. Nakili anwani kamili ya linki kwa kuibonyeza kwa muda mrefu, bila kuifungua. Benki iwe ya kwanza kupata vyote hivyo, kwa kuwa inaweza kuangalia wateja wengine waliopitia mtego huohuo. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko yako na uandike saa uliyopiga. Mimi nilipopinga yale malipo ya kadi mpya, saa niliyopiga mara ya kwanza ndiyo iliyonitetea.

Kama chambo kilikuja kwa baruapepe, kuituma mbele kwa kawaida hupoteza taarifa zilizofichika (headers) zinazoonyesha njia iliyopitia. Itume kama kiambatisho. Kikundi cha kimataifa cha kupambana na utapeli wa aina hii, APWG, hupokea ripoti kwa reportphishing@apwg.org, na taarifa zake huwafikia wanaozuia tovuti hizo. Google nao wana ukurasa wa Safe Browsing wa kuripoti tovuti ya kitapeli. Ikikubaliwa, Chrome, Firefox na Safari huonyesha onyo jekundu kabla mtu hajaingia. Kwa SMS, Uingereza na Marekani wanapeleka kwenye 7726, tarakimu zinazoandika neno SPAM kwenye vibonye vya simu. Kwingine uliza kampuni yako ya simu ina namba gani.

Njia wasiyoijua wengi ni msajili wa jina la tovuti. Tafuta jina hilo kwenye huduma ya WHOIS (siku hizi RDAP), yaani daftari la wazi la majina ya tovuti, utaona kampuni iliyolisajili na anwani yake ya kupokea malalamiko. Kwa majina ya jumla kama .com na .net, tangu Aprili 2024 mikataba ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, inawadai wasajili wachukue hatua wakipewa ushahidi wa kutosha wa utapeli wa namna hii. Ushahidi ndio huo uliopiga picha: linki kamili, picha ya ukurasa, meseji iliyokuleta. Andika sentensi tatu, ambatisha, tuma.

Ombi moja kwako na kwa wengine wote: msibandike linki hizi humu zikiwa hai. Kuna mtu atabonyeza kwa bahati mbaya akiwa anashusha ukurasa kwa kidole. Badala ya nukta andika neno "nukta". Ukimaliza kuongea na benki, niandikie hiyo yako kwa namna hiyo, pamoja na saa uliyoipokea, nami nitakutafutia msajili wake leo hii.