Mbona mimi natapika, mwenzangu hatapiki?

SWALI: Dada muuguzi, shikamoo. Nina miaka 36, naishi Kigamboni. Natibiwa saratani ya titi kwa dripu, ile dawa nyekundu na nyingine. Nikirudi, kwenye pantoni tu nimeshaanza kutapika. Mzee ninayekaa naye jirani anakula chapati yake bila shida. Mwili wangu unaikataa dawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hapana, kutapika si dalili kwamba dawa haifanyi kazi. Hiyo nyekundu kwa kawaida ni doksorubisini. Ikienda pamoja na saiklofosfamidi, dawa nyingine ya saratani, huwa kwenye kundi linalotapisha kuliko yote. Bila dawa za kuzuia kutapika, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 hutapika. Mzee huyo huenda anapewa dawa nyingine kabisa.

Halafu wewe ni mwanamke, tena kijana; wote hao hutapika zaidi. Mimba ilikusumbua kwa kutapika? Na kabla ya ugonjwa, pantoni au daladala ilikuchafua roho? Kama ndiyo, hayo nayo huongeza kutapika; mwambie daktari kabla ya dripu ijayo, akuongezee dawa za kuzuia kutapika. Usione aibu.

Hofu nayo huchangia. Nimemhudumia mama aliyeanza kutapika kwa harufu tu ya spiriti, pamba haijagusa hata mkono.

Vidonge vya kuzuia kutapika vya kwenda navyo nyumbani vimeze kwa saa uliyopangiwa, usingoje kichefuchefu. Hurudi hata siku ya pili hadi ya tano. Ukishindwa kushika hata maji, au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.