Maswali ya wasomaji: Waziri anapojibu kwamba fedha «zimewekwa katika bajeti»

«Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Kilwa, wilaya ya Pweto, huku kwetu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kila kikao cha Bunge tunasikia kwenye redio wabunge wakimuuliza Waziri wa Afya juu ya hospitali za vijijini, naye anajibu kwamba fedha zimewekwa katika bajeti. Sisi huku tunanunua glovu na mafuta ya jenereta kwa pesa ya wagonjwa. Je, hatuambiwi ukweli, au fedha hizo zinapotelea njiani? Na mbunge wetu aulize nini ili apate jibu la maana?» – Mama muuguzi, Kilwa

Mama, barua yako tumeisoma zaidi ya mara moja hapa Lubumbashi, kwa sababu inagusa jambo ambalo mara nyingi wabunge wenyewe huliacha lipite. Waziri anayesema kwamba fedha zimewekwa katika bajeti anaweza kuwa anasema kweli, na bado hospitali yenu isione hata faranga moja, kwani kilichomo katika bajeti ni ruhusa ya kutumia pesa, si pesa yenyewe. Mswada wa bajeti hujadiliwa katika kikao kinachoanza tarehe 15 Septemba na kumalizika tarehe 15 Desemba. Ukishapitishwa na kutiwa sahihi, wizara inakuwa na idhini ya kutumia hadi kiasi fulani, lakini kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011 kila matumizi bado yana hatua nne za kupita: wizara inajifunga kwamba itatumia kiasi hicho kwa kazi fulani, deni lenyewe linahakikiwa na kukokotolewa, amri ya kulipa inatolewa, na hatimaye hazina inalipa. Faili linaweza kulala katika hatua yoyote kati ya hizo, na tarehe 31 Desemba mwaka wa bajeti unafungwa.

Ndiyo maana nakuomba, Mama, utakapomsikia tena waziri akijibu, usikilize kitenzi anachokitumia. «Zimewekwa», «zimeidhinishwa», «zimeagizwa» na «zimelipwa» ni maneno manne yenye uzito tofauti kabisa, na ni hilo la mwisho peke yake linalonunua glovu. Mbunge anayeuliza tu «Serikali ina mpango gani juu ya hospitali za vijijini?» amempa waziri nafasi ya kueleza mpango, na mpango utaelezwa vizuri, kwa sauti nzuri, mpaka muda wa kujibu uishe.

Kuna jambo la pili linalofichika ndani ya jibu kama hilo. Linapotajwa fungu la afya, ndani yake mna mishahara, primu ya hatari, yaani malipo ya nyongeza kwa watumishi wa afya, ujenzi na vifaa, pesa za uendeshaji, pamoja na misaada ya wafadhili wa nje kama vile Mfuko wa Dunia na Gavi, ambayo kwa kawaida huja ikiwa tayari imefungwa kwenye kazi maalumu: malaria, kifua kikuu, Ukimwi, chanjo. Jumla yake inaweza kuonekana kubwa, huku pesa ya uendeshaji, yaani ile ya mafuta, sabuni, karatasi na ukarabati wa paa, ikiwa sehemu ndogo sana. Na wewe unajua kuliko mimi kwamba hata upande wa watumishi hali si moja: yuko anayepata mshahara na primu, yuko anayepata primu tu, na yuko aliyefanya kazi miaka mingi bila kimoja wala kingine, akiishi kwa kile kinachogawanywa kutoka katika malipo ya wagonjwa. Pale ndipo mzigo unapomwangukia mwenye homa na mwenye uchungu wa kuzaa. Mimi naona ni aibu kubwa kwa taifa kwamba mama aliyekwisha kujifungua anazuiliwa wodini mpaka ndugu zake wauze mbuzi, na jambo hilo wabunge wangelitaja kwa jina lake kila wanapomkabili waziri.

Kuhusu swali la kuuliza, ningemwandikia Mheshimiwa mbunge barua fupi na kumwomba aulize kwa maandishi maneno haya: «Katika bajeti ya mwaka uliopita, hospitali kuu ya rufaa ya zoni yetu ya afya iliwekewa kiasi gani kwa ajili ya uendeshaji? Kati ya kiasi hicho, ni kiasi gani kimelipwa hadi leo, kwa tarehe zipi, na katika akaunti ipi?» Swali la namna hiyo halina mahali pa kuwekea hotuba. Nchi ina zoni za afya 519, yaani maeneo ambamo huduma za afya husimamiwa, na hakuna waziri anayeweza kuwa na hesabu ya kila moja kichwani, kwa hiyo ni haki yake kupewa muda wa kuitafuta. Lakini akipewa muda huo na bado akarudi na jumla ya nchi nzima, mbunge amwambie waziwazi mbele ya wenzake kwamba hajajibiwa.

Ni vizuri pia kujua mapema jinsi jibu linavyoweza kurushwa huku na huku. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imeyapa majimbo kazi kubwa katika huduma za afya, na kifungu cha 175 kinasema kwamba majimbo yanabakiza asilimia 40 ya mapato ya taifa pale pale yanapokusanywa. Katika utekelezaji, pesa hupanda kwanza Kinshasa, kisha jimbo hungoja irudishwe. Hivyo waziri wa taifa anaweza kusema kwamba hospitali ya Kilwa ni jukumu la jimbo, na waziri wa afya wa jimbo akasema kwamba jimbo bado linangoja sehemu yake. Dawa yake ni swali lile lile kuulizwa mahali pawili kwa wakati mmoja, katika Bunge la taifa kule Kinshasa na katika Bunge la jimbo hapa Lubumbashi, kisha majibu yawekwe upande kwa upande.

«Nimesikia kwamba wabunge wanaweza kumfukuza waziri asiyejibu vizuri. Ni kweli?» – Baba mkulima, Mitwaba

Si kwa swali peke yake, Baba. Kifungu cha 138 cha Katiba kinataja njia za kuisimamia Serikali: swali la mdomo au la maandishi, ambalo halifuatwi na kura, swali la mambo ya sasa, interpelasyo, ambayo ni kumwita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, na kuhojiwa mbele ya kamati. Wabunge wasiporidhika wanaweza kuleta hoja ya kutokuwa na imani na waziri huyo, nayo inapokelewa ikiwa imetiwa sahihi na sehemu moja ya kumi ya wabunge, yaani 50 kati ya 500, na mjadala na kura haviwezi kufanyika kabla ya saa 48 kupita. Mimi, hata hivyo, natamani zaidi tume ya uchunguzi ifike Mitwaba wakati wa masika, ipite barabara ile ambayo mgonjwa huipita juu ya pikipiki. Waziri akibadilishwa na faili likabaki pale pale lilipolala, mgonjwa hajapata kitu.

«Mimi ni mwanafunzi hapa Lubumbashi, nyumbani kwetu ni Kambove. Malori ya shaba na kobalti yanapita mbele ya kituo chetu cha afya mchana na usiku, na ndani ya kituo hamna kitanda kizima. Je, waziri wa afya hawezi kuulizwa juu ya pesa ya migodi?»

Anaweza, lakini utapata jibu la karibu zaidi kwa watu wengine. Sheria ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 imegawanya ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, yaani komini (manispaa), sekta (eneo la utawala wa vijijini) au utawala wa kimila, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na ushuru huo, kampuni ya mgodi inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya wenyeji. Maana yake ni kwamba, kwa kituo kilicho kando ya mgodi, gavana, mkuu wa sekta na kamati inayosimamia zile 0.3 wanaweza kuulizwa mambo ambayo waziri wa afya angeyajibu kwa mbali tu. Ulizeni bajeti ya sekta yenu, na muulize ni kiasi gani cha ushuru kimeingia na ni kiasi gani kimekwenda kwenye afya. Mkienda, nendeni pamoja na muuguzi mkuu wa kituo, kwa sababu yeye ndiye mwenye daftari la wagonjwa na anajua vitanda vilivyovunjika ni vingapi.

«Je, kujifungua bure kumefika Kasenga?» – Mama wa watoto watano

Mama, mpango huo ulianzia Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, na umekuwa ukipanuliwa jimbo kwa jimbo, katika hospitali na vituo vilivyotia sahihi mkataba tu. Kabla ya siku zako kukaribia, nenda katika ofisi ya zoni ya afya uulize kama kituo chako kimo katika orodha. Kama kimo na bado unadaiwa pesa, omba risiti, uipeleke kwa daktari mkuu wa zoni, na nakala yake umpelekee mbunge, kwa maana risiti yako ndiyo swali ambalo waziri hawezi kulijibu kwa neno «zimewekwa».