Muulize Mhandisi: Wenzangu wako Nairobi, mimi niko kwenye pampu za chumvi

SWALI: Shikamoo, Bi Mhandisi. Nasomea uhandisi wa mitambo, mwaka wa nne. Wenzangu wamepata atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, Nairobi na Mombasa. Mimi nimeangukia kiwanda cha chumvi hapa Gongoni. Kutwa niko na fundi wa pampu, mtu mzima asiye hata na diploma. Nitaandika nini kwenye logibuku, lile daftari la kazi za kila siku? Na chuo kitaihesabu hii kuwa kazi ya uhandisi? – Mwanafunzi, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baki hapo hapo, na huyo fundi mshike sana.

Pampu hizo huvuta maji ya bahari na kuyapandisha kwenye mabwawa, jua liyakaushe. Sasa ngoja bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Hapa kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, ilhali pampu iliyofungwa ukingoni haisogei. Maji yakipwa, inavuta kutoka chini zaidi. Ndipo utasikia mlio umegeuka, kama inasaga kokoto, na fundi atabana vali ya upande wa kutoa kabla hujafungua mdomo. Hesabu yake mliifanya darasani: shinikizo upande wa kuvuta limeshuka mno, maji yanafanya viputo vya mvuke, na viputo vinapasukia kwenye impela, lile gurudumu la mapezi linalosukuma maji ndani ya pampu, na kuila. Omba uonyeshwe impela iliyotupwa. Ipapase kwa kidole, usikie vile vishimo. Kisha muulize fundi imedumu muda gani, maana chumvi nayo huwa na mkono wake.

Logibuku ijae hayo: maji yalipwa saa ngapi, kutoka pampu hadi maji ni mita ngapi, geji ya kuvuta ilisoma nini, mota ilikula ampea ngapi. Usiandike "leo nilisaidia matengenezo." Nimesoma logibuku nyingi zenye sentensi hiyo, na haziniambii kitu juu ya aliyeiandika.

Chuo kitaihesabu. Tangu 1906, mwalimu wa uhandisi Herman Schneider alipoanza pale Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, kuwapeleka wanafunzi wake kwa zamu kati ya darasa na karakana, jambo hili halina mjadala. Hata ukishahitimu, Bodi ya Wahandisi Kenya itataka si chini ya miaka 3 ya kazi kabla ya kukusajili mhandisi kamili.

Linaloniuma ni hili. Jirani yako Ngomeni, kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kilianzishwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, na kutoka jukwaa lake baharini setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Chuo hicho cha Roma kilikuja mpaka huku kwetu kufanya kazi. Leo watoto waliokulia kando yake wanaona uhandisi lazima ufuatwe Nairobi!

Mwaka wa tano utatakiwa mradi. Mwulize msimamizi wako ni pampu ipi inayomaliza impela upesi kuliko zote, uiombe hiyo. Kiwanda kikiona tatizo lake linashughulikiwa, mwakani kitamtaka mwanafunzi mwingine, na hapo chuo kina la kuzungumza nacho juu ya mkataba. Mhadhiri akija kukukagua, usimkalishe ofisini. Mpangie siku ya bamvua, mpeleke penye pampu maji yakiwa yamepwa, na fundi awepo aeleze mwenyewe.