Jibu: Siku moja Iten, nianzie wapi?

Salamu ndugu. Kwa hivyo una siku moja Iten, mji wa magharibi mwa Kenya, na kila unayemuuliza anakutajia wanariadha tu, ilhali wewe unatafuta historia na mahali pa kuona.

Kwanza angalia hali ya hewa. Mji uko kwenye ukingo kabisa wa mteremko wa Elgeyo, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mimi mara ya kwanza nilifika ukungu umetanda, Bonde la Kerio nikalisikia kwa jina tu. Kukiwa wazi utaliona lote, na milima ya Tugen ng'ambo.

Pili, usiishie kwenye lile lango la kuingilia mjini ambalo kila mgeni hupigia picha. Omba ruhusa mlangoni uingie shule ya sekondari ya St Patrick's. Bruda Colm O'Connell alifika hapo kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha, akaishia kuwa kocha. Peter Rono, bingwa wa mita 1,500 Seoul 1988, na David Rudisha walipita mikononi mwake. Kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa. Kwangu inashinda lango mara kumi.

Na jina Iten? Wenyeji husimulia kwamba limetokana na "Hill Ten" (Kilima cha Kumi), jina alilolitoa msafiri mvumbuzi Joseph Thomson, aliyepita nchi hizi 1883. Lichukue kama simulizi.

Ila makao ya serikali ya kikoloni ya wilaya hii yalikuwa Tambach, chini kidogo kwenye barabara ya Kabarnet. Panda matatu ushuke huko alasiri, na ukae upande wa dirisha.