Kwa nini chanjo za mapafu huchukua miaka

Umeuliza kwa nini wasitoe tu chanjo ya mapafu, majaribio ya miaka yote hiyo ya nini. Chukua RSV, virusi vinavyobana vijia vya hewa vya watoto wachanga, mpaka unaona mbavu zikibonyea kila mtoto anapovuta pumzi. Miaka ya 1960 chanjo yake ilijaribiwa Marekani. Badala ya kuwakinga, watoto waliochanjwa waliugua vibaya zaidi walipoambukizwa, na wawili wakafariki. Kazi ikarudi maabara kwa miongo.

Mwaka 2013 watafiti walionyesha umbo la protini ya kirusi hicho kabla hakijaungana na seli. Kumbe kingamwili kali zaidi, yaani protini za mwili zinazopambana na virusi, hulenga umbo hilo, nalo hubadilika upesi, kwa hiyo ikabidi walikaze lisigeuke. Chanjo zilizotokana na hapo zilijaribiwa kwa maelfu ya watu, wengine wakidungwa sindano isiyo na chanjo ili kulinganisha, ndipo zikaidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa wazee na wajawazito. Mama huchanjwa, kingamwili zikapita kwenye kondo, mtoto akazaliwa nazo. Hapo ndipo miaka ilipokwenda, ndugu yangu.