Umepandikizwa konea? Miwani usiivue hata baada ya miaka 20

Msomaji wa Moshi ameandika wiki hii. Alipandikizwa konea miaka mitatu iliyopita, nyuzi zote zimeshatolewa, anaona vizuri. Anauliza kama sasa anaweza kucheza mpira na kukata majani ya ng'ombe bila miwani. Hapana. Na mwaka wa 20 jibu litakuwa hilohilo.

Konea, kile kioo cha mbele cha jicho, haina mishipa ya damu. Ndiyo maana inapitisha mwanga, na ndiyo maana kidonda chake hupona taratibu na kovu lake huwa dhaifu. Kwenye upandikizaji wa unene wote, daktari hukata duara la milimita 7 hadi 8 hivi, kisha hushonea kipande kilichotolewa kwa marehemu kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele, mara nyingi mishono 16. Nyuzi hukaa mwaka au zaidi. Zikishatoka, duara lile ndipo jicho litakapopasukia. Pigo la kiwiko au pembe ya ng'ombe, ambalo jicho lisiloshonwa lingelihimili, huweza kufumua kovu hilo, na lenzi ya ndani ya jicho yaweza kutoka nje. Waliopandikizwa tabaka la mbele peke yake wana nafuu, maana utando wao wa ndani haukukatwa. Uliza kliniki ulifanyiwa ipi, iandikwe kwenye kadi.

Miwani iwe ya polikaboneti (plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi), yenye kufunika pembeni, hata kama huhitaji namba. Ya kioo ikipigwa hugeuka vipande ndani ya jicho. Ivae kihambani, kwenye matawi ya kahawa, zizini, na hasa unapofunga mzigo kwenye pikipiki: mpira ule wenye kulabu ukichomoka huja usoni moja kwa moja. Wiki za mwanzo lala na kikinga kigumu, na usilale na mtoto anayerusha mateke.

Jicho likiwasha usilifikiche, tibu mzio. Ukihisi mchanga usioisha, pengine uzi umelegea. Uzi uliolegea hunasa uchafu na kuingiza vijidudu, basi nenda siku hiyohiyo, wala usiuvute mwenyewe. Matone ya steroidi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae konea, usiyaache kwa uamuzi wako, na usiyaongeze dukani bila kupimwa presha ya jicho. Wekundu, kuumizwa na mwanga au ukungu mpya ni dalili kwamba mwili unaweza kuwa unaikataa konea.

Ukipigwa, ukahisi maji ya uvuguvugu yakitiririka, au mboni ikavutika upande mmoja, chukulia kuwa jicho limepasuka. Usilikandamize, usilioshe, usitie dawa yoyote, ya duka wala ya majani. Kilichochoma kiache hapohapo. Kata kitako cha kikombe safi cha karatasi, kiegemee mfupa wa nyusi na wa shavu bila kugusa jicho, kisha ubandike plasta. Usimeze aspirini. Usile wala usinywe, maana huenda ukahitaji nusu kaputi. Kaa kichwa kikiwa juu na uondoke saa hiyohiyo, iwe ni usiku au Jumapili. Kutoka Arusha hadi idara ya macho ya hospitali ya KCMC, Moshi, ni kama kilomita 80. Beba kadi na matone yako, na mapokezi usiseme tu "jicho linauma", usije ukawekwa kwenye foleni. Sema: "Nimepandikizwa konea, na nimepigwa jichoni."