Usiuze daftari la biokemia

Mdogo wangu, umeuliza kama masomo ya sayansi unayosoma chuoni hapo Marekani yanakutosha kwa MCAT, mtihani wa kuingia shule za udaktari, au ujifungie na vitabu vya maandalizi tu. Msingi unao tayari, ila mtihani hauulizi kama profesa wako anavyouliza. Unakupa aya ya utafiti usiowahi kuuona, na grafu juu, halafu unakutaka utumie ulichojifunza.

Biokemia ndiyo mali. Ni kama robo ya sehemu ya baiolojia na robo nyingine ya sehemu ya kemia na fizikia, kwa hiyo panga tarehe ya mtihani baada ya kumaliza somo hilo. Asidi amino zote 20 zijue kama majina ya binamu zako: herufi zake za kifupi, chaji, ipi inapenda maji na ipi inayakimbia. Kemia ya ogani haina uzito huo, usiipe usingizi wako wote.

Fizikia fanya bila kikokotoo kuanzia leo, maana huruhusiwi kuingia nacho. Mimi nilizoea kubonyeza, logi za pH zikanitoa jasho.

Kisha kuna sehemu ya CARS, maswali 53 ya ufahamu ambayo hakuna maabara itakayokusaidia. Soma makala ngumu kila siku, hata kurasa mbili. Saikolojia na sosiolojia chukua darasa moja moja la utangulizi ukipata nafasi. Mitihani ya mazoezi ya AAMC wenyewe, wanaotunga MCAT, iweke kwa wiki za mwisho.